Hatua Nne za Nasimiyu

Nimestaafu, huu ni mwezi wa pili. Nekesa, anayeshika banda la farasi mahali pangu, amenifuata hadi hapa nyumbani Ndalu na daftari kubwa na kalamu mbili. Akaniambia, "Mzee Wafula, andika kazi yote. Sisi tukikwama hatuna wa kuuliza." Nikamjibu mimi niliacha shule darasa la nne, mimi si mtu wa kuandika, mimi ni mtu wa kusema. Akasema, "Basi sema na kalamu."

Kwa hivyo haya ni yenu nyinyi masaisi wa shamba la Bwana Harjit, hapo nje ya Kitale. Kama kuna mgeni anasoma, saisi ni mtu wa kutunza farasi na kumfundisha. Mshahara sitauandika, maana hamtafurahi, na mimi sikufurahi. Vyeo pia sitaandika. Nilipandishwa cheo mara mbili, na mara zote mbili kesho yake niliamka nikazoa mavi yale yale.

Nitaandika juu ya mwendo wa farasi mmoja. Anaitwa Nasimiyu, ni jike, na nyinyi mnamjua. Nilimfundisha kwa mikono hii na nikamharibu kwa mikono hii. Kazi iliyobaki kwangu ni moja tu, kujua kama naweza kumrudishia mwendo wake kabla mmoja wetu hajafa. Hayo mengine nitayasema ili mwelewe nilivyofika hapo.

Nilitoka hapa Ndalu nikiwa kijana wa kulima na ng'ombe. Sijisifu bure. Kabla sijaota ndevu nilikuwa nafundisha ng'ombe za kijiji chote kuvuta plau. Kazi hiyo haina siri. Unachukua ng'ombe mchanga, unamfunga nira moja na mzee, unapiga kelele jina lake. Mchanga anapigana mpaka saa sita. Ukiona ni mkaidi sana, unamfunga kichwa chini kwenye kisiki, unamwacha hapo na jua lake mpaka roho ishuke. Mimi kwa siku nne nilikuwa nakupatia ng'ombe anayejua kugeuka mwisho wa shamba bila kuambiwa. Watu walikuja kutoka Tongaren yote. Wafula wa siku nne, ndivyo waliniita.

Siku ya kwanza kwa Bwana Harjit nilipewa farasi dume aliyehasiwa, wa rangi ya kahawia, anaitwa Kanali. Niliambiwa nimtoe nje. Nikasimama nyuma yake, nikampiga kofi la matako na nikapiga ile kelele yetu ya plau, "Haaa!" Kanali akageuza kichwa akaniangalia kama karani anavyoangalia mtu aliyekosea dirisha. Kisha akarudi hatua moja, akanikanyaga mguu, akabaki amesimama juu yake. Masaisi wakacheka mpaka wakakaa chini.

Ndipo akaja Mama Ilse. Alikuwa mzungu wa makamo, mwembamba kama mpini wa jembe. Alikaa ile nyumba ndogo ya karibu na tangi la maji, na kazi yake ilikuwa kufundisha familia ya Bwana Harjit kupanda farasi kwa ule mtindo wa zamani wa kwao. Kiswahili chake alikitoa jikoni mwa wazungu wenzake na hakikupona mpaka alipokufa.

"Wewe napiga kelele ya nini?" akaniuliza. "Hii hapana ng'ombe. Hii nasikia wewe kabla wewe kusema."

Nikamwambia, "Mama, mwambie atoke kwa mguu wangu kwanza."

"Sema wewe. Pole pole."

Nikagusa kifua cha Kanali kwa kidole kimoja, kwa sababu sikuwa na nguvu ya zaidi. Akainua mguu. Nimekumbuka kidole hicho miaka yote, na ule mwaka nilipokihitaji nilikisahau.

Kwa wiki tatu za kwanza hakunipa farasi. Alinipa ndoo. Niliigeuza nikaikalia kando ya barabara ya murram ya shamba, macho nimefunga, na saisi mwingine akipitisha farasi mbele yangu.

"Ngapi?" Mama Ilse anauliza.

"Mmoja, mama. Farasi mmoja."

"Hapana farasi! Miguu! Nasikia ngapi?"

Nilijibu mbili, nikajibu tatu, siku moja nikajibu tano kwa hasira. Wenzangu wakipita wananiuliza kama ndoo imeshaangua. Mpaka asubuhi moja sikio lenyewe likafunguka. Ta, ta, ta, ta. Kila kwato peke yake, na nafasi katikati iko sawa kabisa, kama mtu anayehesabu mahindi bila haraka.

"Nne," nikasema.

Hakunisifu. Alikaa chini kwenye nyasi kando ya ndoo yangu, mama mzima na suruali yake nyeupe, akasema neno ambalo nataka mliandike ukutani bandani. "Sikia, Wafula. Ule mbio ndogo, mtu naweza tengeneza. Ule mbio kubwa, mtu naweza tengeneza. Lakini hii ya kutembea, hii Mungu nafanya. Wewe naweza kuharibu tu."

Baada ya ndoo nikapanda. Msimu mzima wa mvua nilizunguka juu ya Kanali kwa kamba ndefu, bila vikuku vya kukanyagia, mikono nyuma. Ngozi ilinitoka mahali ambapo sitapataja. Nilipopewa hatamu, zile kamba za mkononi zinazoenda kwa lijamu mdomoni mwa farasi, Mama Ilse alikata ngozi mwishoni akafunga lijamu kwa uzi wa sweta. Uzi wa kawaida, wa kununua sokoni. Ukivuta tu kama mtu wa ng'ombe, unakatika, na farasi anaenda zake, na wewe unabaki na hatamu mkononi kama mjinga. Siku ya kwanza nilikata nyuzi kumi na moja. Baada ya mwaka nilikuwa namsimamisha Kanali, namgeuza, namrudisha nyuma, na uzi ni ule ule mpaka unachakaa kwa jasho.

Kazi yenyewe, kwa wale wapya, ni hii. Farasi amezaliwa uzito wake uko mbele. Ukimkalia, unaongeza huko mbele. Basi kwa miaka mingi unamfundisha kidogo kidogo asogeze uzito nyuma, akunje miguu ya nyuma aiweke chini ya tumbo, mpaka mbele kuwe kwepesi na shingo ipande yenyewe. Shingo haipandishwi na mtu. Inapanda kwa sababu nyuma kumekaa. Ng'ombe anavuta kwa shingo, farasi anabeba kwa makalio, na mimi niliyekuwa bingwa wa shingo ilinibidi nijifunze kila kitu upya kuanzia upande wa mkia.

Mwisho wa kazi hiyo ni farasi kufanya ile mbio ndogo akiwa mahali pamoja. Anapandisha miguu miwili miwili, juu, chini, taratibu, haendi mbele. Wenyewe wana jina la Kifaransa. Sisi tuliita kutwanga, kwa sababu ni kama mchi na kinu. Kanali alianza kutwanga akiwa na miaka kumi na miwili. Siku hiyo hatamu zilikuwa zimelala shingoni na Mama Ilse alikuwa analia na kutukana kwa lugha yao. Mimi ndiye nilikuwa juu. Nilihisi mgongo wake umevimba chini yangu kama mkate. Sitapata tena kitu kama hicho, na sitafuti huruma, nawaambia tu.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi na nitawapa moja. Kulikuwa na dume moja lisilogeuka kulia. Miezi saba nilibishana nalo, kamba, viazi vitamu, maombi. Ilikuwa jino. Kwa hivyo ukiona farasi anakataa, angalia mdomo, angalia kwato, angalia tandiko, halafu jiangalie wewe. Ndiyo utaratibu. Watu wengi wanaishia kwa tandiko.

Nasimiyu alizaliwa wakati wa kiangazi, ndiyo maana nikampa jina hilo. Mke wangu alikasirika, maana ana shangazi wa jina hilo. Alizaliwa mweusi kama chini ya sufuria, lakini mama yake alikuwa mweupe, na Mama Ilse alijua kwamba na yeye atageuka pole pole kwa miaka. Mama Ilse wakati huo alikuwa mzee kabisa, anatembea na fimbo mbili. Alimwangalia mtoto huyo akimfuata mama yake kwenye murram, akafunga macho.

"Nne," akasema. "Nne nzuri sana. Sijasikia kama hii."

Na ilikuwa kweli. Sijui niwaambie vipi. Farasi wengine wanatembea nne. Nasimiyu alitembea nne kana kwamba yeye ndiye aliyeianzisha.

Mama Ilse alikufa Nasimiyu akiwa na miaka mitatu, wiki chache baada ya mimi kumpanda mara ya kwanza. Nilienda kumwona kwenye ile nyumba ya tangi. Alikuwa amelala, mdogo kitandani kama mtoto.

"Wafula. Hii usifanye haraka. Kutwanga hapana, mpaka miaka tisa."

"Ndiyo, mama."

"Wewe nasema ndiyo haraka sana," akasema.

Miaka miwili nilifanya vizuri. Nilimtembeza Nasimiyu kwenye vilima, nikamfundisha kupinda, nikamfundisha kuweka bega ndani akitembea kando ya ua, yote kwa uzi wa sweta. Nekesa alikuwa ameajiriwa karibuni, msichana wa Matisi hapo Kitale ambaye hakuwahi kumgusa farasi, nami nikamkalisha kwenye ndoo ile ile. Yeye alisikia nne siku ya tisa. Sikupenda sana.

Kisha Bwana Harjit akaja bandani saa nne, wakati wa chai. Nyinyi mnamjua, mtu mzuri, hana maneno mengi. Ana lile duka lake la vifaa vya ujenzi Bungoma na huko Kitale anakuja kupumzisha roho kwa farasi. Ilikuwa mwezi wa nane.

"Wafula, kijana wangu anaoa Desemba. Harusi ni Bungoma."

"Hongera, Bwana. Tumefurahi."

"Ataingia akiwa juu ya farasi jike, mweupe, vile babu yangu aliingia. Nimeamua ni Nasimiyu."

"Bado ni kijivu, Bwana. Kama jivu la kuni."

"Tutaweka vitambaa, bana, nani ataona? Lakini Wafula, nataka acheze. Ngoma ikipigwa mlangoni, farasi acheze. Nimeona kwa simu, huko India wanacheza. Na Kanali si alikuwa anafanya?"

"Kanali alikuwa na miaka kumi na miwili. Huyu ni mitano."

Akakoroga chai yake. Hakuwa amekasirika. Akasema tu, "Basi kama haiwezekani, sema. Kuna mtu wa Nairobi naweza kumwita."

Hapo ndipo. Nimepita hapo mara nyingi kichwani. Kama angesema nitakufukuza, ningekataa, naapa. Lakini alisema mtu wa Nairobi. Mimi, Wafula wa siku nne, niliyefundishwa na Mama Ilse mwenyewe, mtu wa Nairobi aje anifundishie farasi wangu?

"Mtu wa Nairobi wa nini?" nikasema. "Nitaweza."

Alipoondoka Nekesa akaweka chini ndoo ya maji. "Mzee, si ulisema miaka tisa?"

"Nilikuambia wewe. Sikujiambia mimi."

"Ala! Kumbe miaka iko ya wadogo na ya wakubwa?"

"Nekesa, piga farasi brashi."

Mwezi mzima wa kwanza nilijaribu kwa njia ya haki, na haikuwezekana, kwa sababu njia ya haki ni miaka minne na mimi nilikuwa na miezi minne. Miguu yake ya nyuma haikuwa na nguvu ya kukaa. Ukimwomba, anajaribu, kwa sababu alikuwa na roho ya kukubali, halafu anatetemeka, anaenda mbele. Yeye hakukosa kitu. Mimi ndiye nilikuwa naangalia kalenda ya duka ukutani.

Mwezi wa tisa nilirudi Ndalu. Sikupanda gari. Nilirudi kichwani. Nilichimba mashimo mawili kwenye uwanja wa mazoezi nikasimamisha milingoti miwili ya mkaratusi, nikamfunga Nasimiyu katikati, kushoto na kulia. Uzi wa sweta niliutoa. Nilitia kamba ya katani, kutoka lijamuni hadi kwenye mshipi wa tandiko kifuani, nikakaza mpaka kidevu kikakaribia kifua. Kisha nikasimama nyuma na fimbo nyembamba nikawa nagusa miguu ya nyuma. Nikapiga kelele yetu. "Haaa!" Nilikuwa sijaipiga miaka mingi. Ilitoka vizuri.

Kisiki kilikuwa kile kile, ila hiki nilikichonga.

Alipigana siku tatu. Alitoka povu mpaka mbavuni. Siku ya nne alisimama, masikio yakaanguka kando, na nilipomgusa akapandisha miguu. Juu, chini. Juu, chini. Alitwanga. Ukiangalia kwa mbali ungesema ni Kanali.

Nikamwita Nekesa. "Njoo uone. Siku nne."

Aliangalia muda mrefu. Msichana huyo ana macho. "Miguu inatwanga, Mzee. Lakini mgongo umekufa. Na ona mkia, unachapa kama mkono wa mtu anayefukuza nyuki."

"Harusi haitaangalia mkia."

"Sawa," akasema, na hakuniambia kitu kingine siku hiyo, wala kesho yake.

Nikaendelea hivyo mpaka Desemba, kila asubuhi. Kutembea sikumtembeza sana, hakukuwa na wakati. Kutoka bandani mpaka milingoti ni hatua kidogo, na mimi nilikuwa nafikiria ngoma.

Harusi niwaambie ukweli, ilikuwa siku kubwa kuliko zote za kazi yangu. Mimi na Nekesa tulimpakia kwenye lori alfajiri tukafika Bungoma jua likipanda. Wanawake wa ile familia walimvalisha kitambaa chekundu cha nyuzi za dhahabu, na kengele miguuni, na maua shingoni. Mimi nilipewa koti jipya. Bwana arusi akapanda, uso umefunikwa na shanga, anatetemeka kuliko farasi. Barabara yote ilisimama. Wenye baiskeli, wenye bodaboda, akina mama wa ndizi, wote. Ngoma zikaanza, zile ngoma zao kubwa za shingoni, na kati ya watu akatokea mzee wetu mmoja wa Kibukusu na ngoma yake ya isukuti, hakuna aliyemwalika, akajiunga.

Nikagusa miguu. Nasimiyu akatwanga.

"Weee! Farasi anacheza!"

"Ati anajua kucheza kamabeka kuliko mjomba wako!"

"Mzee, huyo umemlisha nini? Leta hata mimi nile!"

Bodaboda zikapiga honi zote pamoja. Bwana Harjit alikuwa analia wazi wazi, kilemba chake cha waridi, mikono juu, anacheza mbele ya farasi wangu kama kijana. Mlango wa ukumbi ulikuwa mbali na alitwanga mpaka huko. Mtu akanikumbatia, mtu akaniweka kitu kitamu mdomoni. Niliangalia kama kuna mtu wa Nairobi pale aone.

Baadaye nilimrudisha kwenye lori, tulikuwa tumeliegesha upande wa reli. Jua lilikuwa bado liko juu. Nilimvua kengele nikampa Nekesa azibebe. Tukaacha makelele nyuma, tukaingia kwenye njia ya murram iliyo tulivu, mimi mbele, Nasimiyu nyuma yangu, kamba imelegea. Nilikuwa nimeshiba na nilikuwa na koti.

Nikasikia.

Nikafikiri ni kiatu. Nikasimama, nikainua kwato zote nne moja moja, viatu vilikuwa vimekaza. Nikamtembeza tena, nikafunga macho nikitembea. Pa. Pa. Miguu ya upande mmoja ilikuwa inatoka pamoja na kushuka pamoja, kisha ya upande mwingine, kama ngamia wanaoshuka barabara ya Lodwar. Mbili. Mgongo ulikuwa umekuwa ubao, na mbele na nyuma hazikuwa zinaongea tena, basi miguu ilikuwa imejitafutia njia yake.

Niligeuka nikamwangalia Nekesa. Alikuwa amesimama na zile kengele amezikumbatia zisilie.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mwezi wa kumi, Mzee."

"Na hukuniambia?"

"Wewe ndiye mwenye ndoo," akasema. "Nilidhani unasikia."

Miaka tisa imepita. Milingoti niliing'oa wiki ile ile. Nilimpumzisha mwaka mzima malishoni. Nilimleta daktari wa mifugo, akamkanda mgongo, akasema mifupa haina shida, ni mwili umejifunza. Nilimtembeza juu ya mbao zilizolazwa chini, nikamtembeza vilimani, kwa sababu kwenye mlima farasi anapata nne kidogo, halafu ukifika juu kwenye tambarare anazipoteza. Mbio ndogo yake ni nzuri. Mbio kubwa ni nzuri. Na kitu kingine, ambacho wengine wenu mmeona mkacheka. Ukimkaza mshipi wa tandiko, au radi ikipiga, au mlango wa bati ukigongwa, anaanza kutwanga. Pale pale bandani, peke yake, mkia unachapa. Mnasema, "Nasimiyu amesikia wimbo." Msiseme tena. Anaogopa, na mimi ndiye niliyemfundisha aogope kwa mtindo huo.

Nilimweleza Bwana Harjit. Nilimwambia, "Bwana, farasi wako nimemharibu kutembea." Akamwangalia akipita. "Mbona anatembea tu, Wafula?" Hakuona. Hakuna aliyeona, na hiyo ndiyo sehemu mbaya zaidi ya kazi hii. Nilisifiwa kwa farasi huyo mpaka nikastaafu. Picha yake na mimi na lile koti iko ukutani kwenye duka la Bungoma mpaka leo. Siku ya kuagana Bwana Harjit aliniuliza nachukua nini cha ukumbusho, nikasema Nasimiyu. Akafikiri ni mapenzi.

Sasa yuko hapa Ndalu, mweupe kabisa, hana hata unywele mweusi. Majirani hawaelewi. Jirani yangu Wekesa huja kwenye ua kila siku kuniuliza swali lile lile.

"Wafula, huyu analima?"

"Halimi."

"Anakamuliwa?"

"Hakamuliwi."

"Analiwa?"

"Wekesa, nenda nyumbani."

"Si nauliza tu, ndugu yangu. Nyasi anayokula ni ya ng'ombe watatu, lazima kuna kitu anafanya."

Anatembea. Kila asubuhi namtoa, namtembeza mpaka sokoni na kurudi, kwa uzi wa sweta, mkono wazi. Sikumpanda tena na sitampanda. Mke wangu ndiye anayenunua huo uzi na hajawahi kuniuliza.

Nekesa aliponiletea daftari hili, nilifurahi kwa sababu nilikuwa na jambo la kuandika mwisho. Tangu mvua zianze nilikuwa nasikia nne. Si kwenye mlima tu, hata kwenye tambarare ya kanisa. Ta, ta, ta, ta. Nililala nazo kichwani. Nilitaka mjue kwamba inachukua miaka tisa lakini inarudi, na kwamba Wafula aliharibu na Wafula akatengeneza. Ukurasa huo niliuandika kwanza kabla ya zote hizi.

Jumamosi Nekesa akarudi kuniangalia nimefika wapi. Nikageuza ndoo nikaiweka kando ya barabara hapa mbele ya nyumba. "Kaa," nikamwambia. "Funga macho."

"Mzee, mimi sasa ndiye mkubwa wa banda na bado unanikalisha kwa ndoo?"

"Kaa, binti yangu."

Akakaa, mikono magotini. Nikamtoa Nasimiyu, nikampitisha mbele yake, tambarare kabisa, murram imeshikana vizuri baada ya mvua. Uzi ulikuwa umelegea. Nilisikia nne. Naapa nilisikia nne. Nikamgeuza, nikampitisha tena.

"Ngapi?" nikauliza.

Hakufungua macho. Aliniambia nimpitishe mara ya tatu, nikampitisha. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba ukiulizwa ngapi, hujibu kumfurahisha mtu.

"Mbili, Mzee," akasema.

Tukakaa. Nasimiyu alianza kula nyasi kando ya ndoo. Sikio langu, ambalo Mama Ilse alilifungua kwa wiki tatu, limeamua lenyewe kunidanganya, na sina lingine.

Ule ukurasa wa kwanza nimeuchana. Ndiyo maana daftari lenu linaanzia kwenye alama ya kuchanika, msifikiri ni panya.

Kesho asubuhi nitamtoa tena, kwa sababu hana kazi nyingine na mimi sina. Na nyinyi, siku moja mtaletewa farasi mchanga mwenye nne nzuri, na mtu atakuja wakati wa chai awaulize kama anaweza kucheza kufika Desemba. Mwambieni inawezekana, Wafula aliweza. Halafu mleteni mtu huyo hapa Ndalu, mumkalishe kwenye ndoo, nimpitishie Nasimiyu.